Safari ya meli huanzia Suam

Simama kwenye steji ya matatu mjini Kitale, msomaji, umuulize utingo ni gari gani linaloelekea bandarini. Utachekwa hadi uone haya. Kutoka Kitale hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800, na mtu wa huku hupima utajiri kwa magunia ya mahindi wala si kwa ngalawa. Meli, kwake, ni picha ya kalenda inayoning'inia ukutani mwa duka la nguo.

Hata hivyo, ikiwa wewe na jamaa yako mnaweka akiba kwa ajili ya likizo, na ikiwa mmechoka kwenda mashambani kila Desemba na kurudi Nairobi na kuku wawili na gunia la viazi, nakuomba tuianzie habari ya meli mahali palipo mbali kabisa na bahari. Twende Suam.

Ukitoka Kitale unapita Endebess. Mashamba ya mahindi yako kushoto na kulia, na Mlima Elgon umekaa upande wa kushoto kama mzee aliyejifunika blanketi. Siku hizi lami imefika hadi mpakani, kwa hivyo zile hadithi za lori kulala matopeni siku mbili zimeanza kuwa za wazee. Mpakani kuna daraja, na chini ya daraja kuna Mto Suam. Ng'ambo ni wilaya ya Bukwo, nchini Uganda. Mto wenyewe si wa kubeba meli. Hata mtumbwi ungekwama kwenye mawe. Akina mama huvuka na mizigo yao, madereva wa malori hungoja karatasi zao zipigwe muhuri, na hakuna anayeyatazama maji mara mbili.

Lakini yatazame. Maji hayo yametoka juu ya Elgon, mlima wenye urefu wa mita 4,321, na yanaelekea kaskazini. Yatapita Kongelai katika nchi ya Wapokot, yatabadilishwa jina yaitwe Turkwel, yatazuiwa kwenye bwawa la umeme kule bondeni, kisha yale yatakayosalia yatapita Lodwar na kumiminika katika Ziwa Turkana. Sasa zunguka mlima uende upande wa Bungoma. Mito ya huko, kama vile Kuywa na Kimilili, inaingia katika Mto Nzoia, nao Nzoia unaporomoka pale Nabuyole karibu na Webuye, unapita Budalang'i ambako kila mwaka watu huuogopa, na kuingia Ziwa Viktoria. Maji ya Ziwa Viktoria hutokea Jinja yakiitwa Nile, na Nile, kama mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi ajuavyo, huishia katika bahari ya Mediterania. Basi matone mawili ya mvua yakianguka juu ya mlima mmoja, moja hufia katika ziwa la jangwani na la pili linaweza kufika Misri. Mtu wa Kitale au Bungoma akisema kwamba mambo ya majini hayamhusu, mwambie aende akatazame mfereji ulio nyuma ya nyumba yake.

Je, likizo ya meli ina raha gani hata watu walipe fedha nyingi? Jibu ni rahisi kwa yeyote aliyewahi kusafiri na watoto watatu kwa basi la usiku. Katika meli unafungua sanduku mara moja tu. Chumba chako kinasafiri pamoja nawe. Unakula, unalala, unaamka, na mji mwingine umesimama mbele yako ukikungoja. Hakuna makanga wa kukuvuta mkono, hakuna kuteremshwa saa nane za usiku eti gari limepata pancha, na mtoto akitaka kukimbia anakimbia sitahani huku ukimwona. Tena kuna jambo ambalo ni vigumu kulieleza mpaka ulione mwenyewe, nalo ni jinsi mji unavyopendeza ukiukaribia kutoka majini. Barabara hukuingiza mjini kwa kupitia gereji na majalala. Maji hukuingiza kwa kupitia uso.

Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba raha hii haikuwa ngeni kwetu huku magharibi ya Kenya. Meli ya SS William Mackinnon ililetwa kutoka Uingereza vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu na kushushwa majini mwaka wa 1900, hata kabla reli haijafika huko. Reli ilifika mwishoni mwa 1901. Baadaye zikafuata Winifred, Sybil, Clement Hill na nyinginezo, na shirika la reli likawa linauza safari za kuzunguka ziwa. Watalii wa enzi hizo walivuka hadi Jinja, wakapanda gari la moshi hadi Namasagali, wakashika meli ya Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, kisha motokaa hadi Butiaba, na hapo wakapokewa na meli za Ziwa Albert, yaani Samuel Baker na Robert Coryndon. Mafuriko ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliivuruga njia hiyo yote, na Robert Coryndon ikaishia kuzama pale pale Butiaba. Bila shaka raha hizo zilikuwa za wakoloni. Mwafrika alikuwamo melini kama mpishi, kama mchukuzi, au kama abiria wa sitaha aliyelala juu ya mzigo wake.

Reli ya tawi ilifika Kitale mwaka wa 1926. Kwa hivyo mtu wa Trans Nzoia aliweza kuondoka katika stesheni ya kwao, akabadilisha gari Nakuru, na kushukia Kisumu hatua chache kutoka gatini. Na kuanzia mwaka wa 1961 alimkuta malkia wa ziwa akimngoja. Huyo alikuwa Victoria, meli iliyoundwa Scotland na kuunganishwa Kisumu, ikawa inazunguka Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell ikibeba abiria, barua na ndizi. Kisumu wapo wazee ambao macho yao hubadilika ukiwatajia jina hilo.

Kisha, mwaka wa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Ndege, mabehewa na meli zikagawanywa kama vyombo vya nyumba ya wanaotalikiana, na Victoria ikaenda Tanzania. Kwa maoni yangu hilo ni pigo ambalo Kisumu haijapona hadi leo. Magugumaji yalipokuja kulifunika ghuba katika miaka ya 1990, yalikuta bandari ambayo tayari ilikuwa imelala. MV Uhuru, meli ya kubeba mabehewa iliyoanza kazi katika miaka ya 1960, ilikaa miaka mingi bila kusafiri kabla ya kurudi kazini Desemba 2019, lakini inachobeba ni mabehewa ya mafuta ya kwenda Uganda. Kazi hiyo ni ya maana sana, ila huwezi kumpakia mama watoto juu ya petroli. Wako watoto waliozaliwa Kisumu, wakakulia Kisumu, wakamaliza shule Kisumu, ambao hawajawahi kulala usiku mmoja majini.

Wewe unaweza kulala. Victoria ilifanyiwa ukarabati mkubwa, ikapewa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, ikarudishwa majini mwaka wa 2020 kati ya Mwanza na Bukoba ikiwa na nafasi ya abiria 1,200. Kwa jamaa ya Kitale au Bungoma njia ni Kisumu, Kisii, Isebania, kisha Mwanza. Safari yenyewe ni ya usiku. Jioni unayatazama yale majabali ya Mwanza yaliyobebana kama mizigo ya mama wa sokoni, taa za mji zinapungua, injini zinanguruma chini ya miguu yako, na asubuhi unaamkia Bukoba penye harufu ya kahawa na migomba. Mwenye uwezo huchukua chumba chenye vitanda. Mwanafunzi huketi daraja la tatu na kuzungumza na wafanyabiashara hadi usingizi umchukue. Nikishauri, ningesema mwanafunzi ndiye anayefaidi zaidi. Kabla hujaondoka nyumbani, ulizia ratiba, maana meli za ziwani huingia matengenezoni, na ratiba hubadilika bila kumwuliza mtu.

Sitaki nikupambie maji kana kwamba hayana meno. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama ikikaribia Mwanza, ikitoka huko huko Bukoba, na mamia ya watu wakafa. Ilikuwa imebeba watu wengi kupita kiasi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara, hatua chache kutoka nchi kavu, wakafa zaidi ya watu 200. Hapo pia tatizo lilikuwa shehena na umati. Ukitazama ajali hizi hutaona dhoruba ya ajabu wala jabali lililojificha. Utaona tamaa ya nauli, na abiria ambao hakuna aliyethubutu kusema kwamba chombo kimejaa.

Kwa hivyo wewe thubutu. Mimi nimewahi kupanda mashua moja ya watalii ambamo majaketi ya kuokoa maisha yalikuwa mengi na mazuri, yote yamefungwa fundo moja la kamba chini ya mbao, na mwenye mashua akatuambia tusihofu, anajua kuogelea. Alijua yeye! Jaketi ni lile ulilolivaa. Mtoto apewe la kipimo chake, si la baba yake. Na ukiona watu wanazidi kupakiwa huku maji yakipanda kuukaribia ukingo, shuka. Nauli iliyopotea inatafutwa.

Sasa tuje kwenye zile meli za kalenda. Mombasa imezipokea kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1990 meli iitwayo Royal Star ilikuwa na makao yake hapo, ikiwapeleka watalii, wengi wao Wazungu, katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Kisha maharamia wa Kisomali wakaharibu biashara. Mwezi wa Novemba 2005 meli ya kifahari ya Seabourn Spirit ilishambuliwa kwa risasi na makombora ikiwa njiani kuja Mombasa, ikaponea chupuchupu na kukimbilia Ushelisheli. Baada ya hapo kampuni nyingi ziliiona pwani yetu kama kichaka chenye nyoka. Bahari ilipotulia zikaanza kurudi, na bandari ya Kilindini ikajenga kituo maalumu cha abiria wa meli hizo. Mwanzoni mwa 2024 iliingia Norwegian Dawn, jumba lenye urefu wa karibu mita 294 na nafasi ya abiria zaidi ya 2,000.

Hapa pana kioja kidogo. Norwegian Dawn iliundwa mwaka wa 2002 na kiwanda cha Meyer Werft katika mji wa Papenburg, Ujerumani. Kiwanda hicho hicho ndicho kilichounda, mwaka wa 1913, meli ya Graf von Goetzen, ikavunjwa ikatiwa katika makasha, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka wa 1916 ili Waingereza na Wabelgiji wasiipate, nayo ikaopolewa mwaka wa 1924 na kurudi kazini mwaka wa 1927 kwa jina la Liemba. Imebeba samaki, mahindi, maharusi na wakimbizi katika Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi kabla ya kusimama kwa ukarabati. Ni meli mbili za ukoo mmoja. Mmoja alioa ufukara akaishi miaka mia. Mwingine ana mabwawa ya kuogelea na majumba ya sinema.

Je, meli kubwa inafaa kwa jamaa yako? Kwanza nitoe sifa zake. Ikiwa mnataka kumchukua nyanya mwenye magoti mabovu, pamoja na mtoto wa miaka minne na kijana asiyetaka kuzungumza na mtu, hakuna likizo itakayowafaa wote watatu kama hiyo. Nyanya atapanda lifti. Chakula kipo tangu alfajiri hadi usiku wa manane. Meli ni nzito kiasi kwamba mawimbi ya kawaida hayaitikisi sana, kwa hivyo kuchafukwa na roho hupungua.

Lakini soma karatasi vizuri kabla ya kulipa. Bei ile ya kwanza unayoonyeshwa mara nyingi ni ya chumba cha ndani kisicho na dirisha. Vinywaji, matembezi ya bandarini na bahashishi za wahudumu huweza kuongezwa juu yake. Utahitaji pasipoti, viza za nchi kadhaa kwa pamoja, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ukikosa viza ya bandari moja tu, waweza kuzuiwa usipande kabisa. Tena meli hizi hazianzii kwetu kila wiki, kwa hivyo huenda ukalazimika kupanda ndege kwanza, kwa mfano hadi Durban au Dubai, ili kuifuata.

Kisha kuna jambo linalonitatiza. Mtalii wa meli kubwa hufika Mombasa asubuhi, akapelekwa Fort Jesus au akakimbizwa Shimba Hills, na jioni amerudi kula chakula chake kile kile cha jana. Hakulala mjini. Hakula viazi karai wala kununua kikoi kwa bei ya kubishana. Meli imekuwa mji, na mji ukiwa mkubwa mno hauna haja ya bahari. Nasikia kuna wanaomaliza wiki nzima bila kunusa chumvi. Kwangu mimi hiyo ni hoteli iliyopotea njia.

Wewe mwanafunzi, hata hivyo, usiidharau. Meli yenye abiria 2,000 ina wafanyakazi karibu 1,000: wapishi, mafundi wa umeme, wauguzi, waongozaji wa watoto, mabaharia. Bandari Maritime Academy mjini Mombasa hufundisha kazi za baharini, na hakuna sheria inayosema kwamba baharia sharti awe mtoto wa Likoni. Kijana wa Chwele au Kwanza, aliyezoea kuamka alfajiri na kukamua ng'ombe, hatashindwa na zamu ya usiku.

Ukiniuliza mimi, raha yenyewe iko katika vyombo vidogo, na vingine viko karibu kuliko unavyodhani. Rudi pale Suam. Vuka daraja. Kitambulisho chako cha taifa kinatosha kukuingiza Uganda. Barabara inazunguka mlima kupitia Bukwo hadi Kapchorwa, unaona maporomoko ya Sipi, unateremka Mbale, na jioni uko Jinja. Asubuhi unapanda mashua hadi pale ziwa linapogeuka kuwa mto. Maporomoko ya Ripon, aliyoyaona Speke mwaka wa 1862, yalifunikwa na maji baada ya bwawa la Owen Falls kukamilika mwaka wa 1954, lakini mkondo unauona ukivuta. Waambie watoto kwamba sehemu ya maji hayo yalipita Webuye. Watakubishia; mchoree ramani kwenye vumbi yule anayebisha zaidi. Wenye siku za ziada huendelea hadi Paraa, ambako mashua hupanda Nile katikati ya viboko na mamba hadi chini ya maporomoko ya Murchison.

Ukitaka kubaki Kenya, fuata Nzoia kwa mawazo na barabara ya Kakamega kwa gari, ufike Kisumu. Asubuhi na mapema nenda Dunga, ukodi mashua uende ukatazame viboko. Usichelewe, kwani ziwa huwa tulivu saa hizo, na mchana upepo huamka. Kesho yake nenda Luanda K'Otieno upande feri ya Mbita, inayobeba magari, mbuzi, waalimu na vitanda vipya vya harusi kwa pamoja. Safari ni ya saa moja hivi. Hakuna muziki wala mhudumu mwenye tai, ila utapata chai ya kibandani kabla ya kupanda, na upande wa pili utakuta Rusinga, na mbele yake mashua za Mfangano. Jamaa ya watu watano inaweza kufanya safari hiyo kwa fedha ambazo zisingetosha kununua soda za siku moja katika meli kubwa.

Bebeni sweta, maana upepo wa ziwani hauna huruma hata jua likiwaka, na mifuko isiyopitisha maji ya kufunga simu na vitambulisho. Mtoto asikae ukingoni. Wenye gari wafike gatini mapema, kwa kuwa nafasi za magari ni chache na foleni haimjui mkubwa wala mdogo.